Siku ya kazi isiwe lumbesa: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya kazi na viwanda, Dodoma na Singida

Kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi. Waziri mwenye dhamana ya viwanda na biashara. Wakuu wa Mikoa ya Dodoma na Singida. Kamishna wa Kazi. Na wakuu wa OSHA (usalama na afya mahali pa kazi), WCF (fidia kwa wafanyakazi) na NSSF (hifadhi ya jamii).

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Msimu wa alizeti unakaribia. Kuanzia Mei magunia yatashuka kutoka Mkalama, Iramba, Ikungi, Kondoa, Chemba na Kongwa, na viwanda vya kukamua mafuta vilivyokuwa kimya vitawashwa tena. Alfajiri watasimama getini vijana na kina mama wakisubiri kuitwa, wengi wao bila jina kuandikwa popote. Sisi tunaowaandikia tunashughulika na hesabu za mishahara, usalama wa mitambo na sheria za kazi katika viwanda vya Kanda ya Kati. Tuna ombi moja lenye matawi mengi: saa ya kazi ipimwe kwa haki kama mnavyotaka mazao yapimwe.

Lumbesa hakuna asiyeijua huku. Gunia linajaa, linaongezewa kilemba, linashonwa, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Serikali ililikataa hilo: mazao yauzwe kwa mizani, gunia lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo apite kukagua. Hatukumsikia mchumi yeyote akisema kwamba mizani inavuruga soko huria. Bila mizani hakuna soko, kuna kukadiriana kwa macho, na mwenye njaa ndiye anayekadiriwa vibaya. Lakini ndani ya geti la kiwanda siku ya kazi bado inauzwa kwa lumbesa.

Tuonyeshe kwa hesabu. Amri ya Mishahara ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Januari 2023, iliweka kima cha chini cha viwandani kuwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Wiki ya sheria ni saa 45, na mwezi una wiki 4.333, kwa hiyo mwezi mmoja ni saa 195. Gawanya: saa moja ni shilingi 769. Kwa siku, ukigawa kwa siku 26, inatoka shilingi 5,769, na siku hiyo ni ya saa saba na nusu. Hapo ndipo kilemba kinaposhonewa. Tuseme kibarua wa kiwanda cha mafuta analipwa shilingi 6,000 kwa siku. Kwa kutazama harakaharaka, amezidishiwa. Ila anaingia saa 12 asubuhi na kutoka saa 12 jioni. Ukitoa saa moja ya mapumziko amefanya kazi saa 11, kwa hiyo saa yake imenunuliwa kwa shilingi 545.

Endeleeni nasi kidogo. Saa 11 kwa siku sita ni saa 66 kwa wiki. Saa 21 kati ya hizo ni za ziada, na kwa wiki nne ni saa 84. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne, kwa makubaliano, na kila moja ilipwe mara moja na nusu, yaani shilingi 1,153 na senti. Kibarua huyu alistahili shilingi 138,461 za saa za kawaida na 96,923 za ziada, jumla 235,384 kwa wiki nne. Amepata 144,000. Pengo ni shilingi 91,384, na hapo hatujagusa nyongeza ya asilimia 5 ya kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Kwa msimu wa miezi sita pengo linakaribia shilingi 594,000. Ndiyo ada, sare na bati la kuezekea chumba kimoja.

Tunajua kwamba viwango vimetazamwa upya. Amri iliyotangazwa Oktoba 2025 ili ianze kutumika 1 Januari 2026 ilipandisha wastani wa kima cha chini cha sekta binafsi kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322. Tunaishukuru. Tunaomba tu msisomee wananchi wastani. Wakati wastani ulikuwa 275,060, mtu wa kiwandani alikuwa kwenye 150,000, kwa sababu wastani huo unachanganya benki na migodi na kiwanda cha mashudu, yaani mabaki ya alizeti iliyokamuliwa. Tena kiwango kinaweza kupanda mara mbili na kisimguse mtu anayelipwa kwa siku isiyo na saa. Kuanzia Julai 2013 hadi Januari 2023 kima cha viwandani kilitoka 115,000 hadi 150,000, ongezeko la asilimia 30 kwa miaka tisa na nusu. Bei zikipanda kwa asilimia 4 tu kila mwaka, kwa miaka tisa zinakuwa zimepanda asilimia 42. Amri itazamwe upya kwa muda unaojulikana, tuseme kila mwaka wa pili, ili mwajiri naye apange bajeti yake bila kushtukizwa.

Kila tunapofikisha hesabu hizi tunajibiwa kwamba nchi ilishachagua soko huria, na mshahara ni makubaliano kati ya watu wawili. Tunaomba kulijibu hilo kwa heshima, kwa sababu wengi wetu ni waumini wa ushindani na hatutamani kurudi kwenye foleni za sukari. Wanaosema hivyo wanawaazima wanafikra wa uchumi huria maneno ambayo hawakuyasema.

Adam Smith, Mskoti anayehesabiwa kuwa baba wa fikra hizo, aliandika mwaka 1776 kwamba waajiri daima wana maelewano ya kimyakimya ya kutopandisha mishahara, na kwamba hatuyasikii kwa sababu yamekuwa ya kawaida. Aliandika pia kwamba mfanyakazi anayelipwa vizuri huwa na bidii zaidi, na kwamba anayefanya kazi kwa kiasi ndiye anayedumu na afya na kufanya kazi nyingi zaidi kwa mwaka mzima. John Stuart Mill, mwaka 1848, akiwa anaeleza kwa nini serikali isiingilie biashara ovyo, alitoa mfano wa saa za kazi kama jambo linalohitaji sheria. Hoja yake ni hii: hata kama wafanyakazi wote wanataka siku ya saa tisa badala ya kumi, hakuna mmoja anayeweza kuianza peke yake, kwa kuwa atakayekubali saa kumi ndiye atakayechukuliwa. Sheria inawapa wote kile ambacho kila mmoja alikuwa anakitaka. Mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye geti la kiwanda alfajiri hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Mwaka 1909 Winston Churchill, wakati huo akiwa waziri wa biashara katika serikali ya chama cha Liberali cha Uingereza, alipeleka bungeni sheria ya bodi za mishahara. Alilieleza Bunge kwamba pasipo na mpangilio, mwajiri mwema anaangushwa na mbaya, na mbaya anaangushwa na aliye mbaya zaidi. Na Friedrich Hayek, ambaye hakuna anayeweza kumwita mjamaa, alikubali mwaka 1944 kwamba kuweka ukomo wa saa za kazi na masharti ya usafi kiwandani hakupingani na ushindani, mradi masharti yawe ya wote na faida yake izidi gharama.

Hayo ya Churchill ndiyo yanayotokea Kizota, Zuzu na Singida mjini. Kiwanda kinacholipa saa za ziada, kinachopeleka michango na kufunika mikanda yake, kinauza dumu la lita 20 kwenye duka lilelile na kiwanda kisichofanya lolote kati ya hayo. Mkaguzi anapokitembelea cha kwanza kwa sababu kina ofisi, simu na faili, na kukiacha cha pili kwa sababu hakina kibao, Serikali inakuwa imemlipisha mwema faini ya wema wake. Tunalisema hili kwa uchungu kwa sababu tunawafahamu wenye viwanda waliojaribu kufuata sheria misimu miwili, wakaiacha wa tatu.

Tuwape mfano wa jambo ambalo sheria tayari imelifanya liwe na faida, kama ingefuatwa. Kiwanda cha shifti mbili za saa 12, kikilipa kila saa inavyotakiwa (tukiuacha kando ule ukomo wa saa 50), kila mtu analipwa saa 45 za kawaida na saa 21 za ziada mara moja na nusu, sawa na saa 76.5 za malipo. Watu wawili kwenye nafasi moja ya mashine ni saa 153 kwa wiki. Sasa badilisha iwe shifti tatu za saa nane: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Kila mtu anafanya saa saba halisi, saa 42 kwa wiki, na analipwa wiki yake kamili ya saa 45. Watu watatu ni saa 135. Hata ukihesabu kwamba saa moja zaidi ya mapumziko imeongezeka kwa siku, bado kila saa ambayo mashine ina mtu inagharimu pungufu kwa zaidi ya asilimia 7, na nafasi za ajira zimeongezeka kwa nusu. Ni kweli kila kichwa kina gharama zake: vifaa vya kujikinga, chai, kumfundisha. Lakini shifti ya saa 12 inakuwa rahisi kuliko ya saa nane kwa sababu moja tu, nayo ni kutolipa saa za ziada. Ukaguzi ukiwa wa kweli, wenye viwanda watahamia shifti tatu wenyewe, bila kuhubiriwa.

Na kuna hasara ambayo mwenye kiwanda haioni kwa sababu haiandikwi. Mashine ya kukamua, ile tunayoiita ekspela, inategemea mkono wa opereta. Koni ya mwisho ikilegea, mafuta yanabaki kwenye mashudu. Ikikazwa kupita kiasi, mashudu yanaungua, skrubu inakwama na mota inaunguruma. Mbegu zikiwa na unyevu hazikamuki vizuri, zikikauka mno zinasagika kuwa unga na mafuta yanatoka machafu. Opereta mzoefu anashika mashudu mkononi, anayavunja, ananusa, anajua. Kiwanda kinachokamua tani 10 za alizeti kwa siku kinatoa takriban tani 6 za mashudu. Asilimia moja tu ya mafuta ikibaki humo bila sababu, ni kilo 60 kwa siku, karibu lita 65, madumu matatu na zaidi. Mtu wa deiwaka aliyechoka, aliyeletwa jana na atakayeondoka kesho, hawezi kuziokoa lita hizo. Henry Ford alilitambua hili Marekani. Mwaka 1913 alilazimika kuajiri watu zaidi ya 50,000 ili abaki na kikosi cha takriban 14,000, kwa jinsi walivyokuwa wakikimbia. Januari 1914 akatangaza dola 5 kwa siku ya saa nane, zaidi ya maradufu ya alichokuwa akilipa, na watu wakatulia. Ford hakuwa mtoa sadaka.

Sasa tuingie ndani ya kiwanda, kwenye mdomo wa ekspela, kwa sababu hapo ndipo vidole vinapopotea. Mbegu zenye vumbi au unyevu hujengana kama daraja kwenye faneli na kuacha kushuka. Chini skrubu inaendelea kuzunguka. Ikizunguka tupu, shinikizo linashuka na mafuta yanatoka na makapi, kwa hiyo opereta anaharakisha: anasukuma kwa fimbo, fimbo ikishindwa anaingiza mkono. Daraja linavunjika ghafla, mbegu zinashuka na mkono unafuata. Akiwa amevaa glavu ya kitambaa ni hatari zaidi, kwa kuwa skrubu inaishika glavu kwanza.

Dawa yake haihitaji mtaalamu kutoka nje. Wavu wa chuma ufungwe kwa bolti ndani ya faneli, na faneli irefushwe hadi umbali kutoka mdomoni mpaka kwenye skrubu uzidi sentimita 85, urefu ambao mkono wa mtu mzima haufiki. Kichokoo kiwe cha mbao, na ncha yake isiweze kuufikia wavu ikapita. Swichi nyekundu ya kuzimia iwe pale opereta anaposimama, isiwe ukutani upande wa pili. Mikanda na puli zifunikwe mbele na nyuma, kwa wavu wenye matundu yasiyopitisha kidole. Wengi hufunika mbele tu, upande ambao mkaguzi anasimama. Fundi akiingia kutengeneza, swichi kuu ishushwe, ifungwe kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa fundi mwenyewe. Kuning'iniza kibao cha "usiwashe" hakutoshi. Usiku kibao hakisomeki. Kufuli moja, mita chache za wavu na siku moja ya mchomeleaji, ndiyo gharama yote.

Kuna mengine ambayo tutayapitia haraka. Sakafu yenye mafuta imwagiwe machujo ya mbao na kufagiliwa kila shifti. Boila maji yakipungua hadi hayaonekani kwenye kioo, moto uzimwe na iachwe ipoe. Asiongeze mtu maji ya baridi kwenye boila iliyopata moto mkavu, maana hupasuka. Ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mita moja akusikie, kelele imeshapita desibeli 85 na masikio yanahitaji kinga. Kwenye mashine za kokoto na machimbo ya jasi kule Itigi, barakoa ya kitambaa haizuii vumbi laini. Kunyunyizia maji pale jiwe linaposagwa kunasaidia kuliko barakoa yoyote.

Makuli tunataka tuwaongelee peke yao. Gunia la alizeti linaweza kuwa na kilo 65 au 70, na la mahindi kilo 100 kwa mujibu wa vipimo halali. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu 1967 mzigo wa mtu mzima mwanamume usizidi kilo 55. Yaani sheria yetu ya vipimo inamlinda mkulima aliyejaza gunia, na haimlindi anayelibeba. Kuli analipwa kwa gunia, na kwa sababu hiyo anaambiwa yeye si mfanyakazi wa mtu: hana saa, hana likizo, hana bima, na mgongo ukivunjika anaonekana amejivunja mwenyewe. Tunaomba magunia yanayoingia viwandani yawe ya kilo 50, na pawe na toroli na ngazi ya mteremko ya kupandishia mzigo. Ambaye kiwanda kinamwita kila siku na kumpangia kazi ni mfanyakazi wa kiwanda hicho, alipwe kwa gunia au kwa saa.

WCF. Mchango wa mwajiri sekta binafsi ulishushwa kutoka asilimia 1 hadi 0.6 mwaka 2021, na hadi 0.5 mwaka 2022. Kwa mshahara wa 150,000 ni shilingi 750 kwa mwezi, na mfanyakazi hakatwi hata senti. Kwa shilingi hizo, aliyeumia akishindwa kufanya kazi kwa muda analipwa asilimia 70 ya kipato chake, hadi miezi 24, pamoja na matibabu. Kinachoharibu ni taarifa. Mwajiri anapaswa kuripoti ajali ndani ya siku 7 tangu aarifiwe. Wengi wanaogopa kwamba taarifa italeta wakaguzi, kwa hiyo wanampeleka majeruhi zahanati, wanampa fedha ya dawa na kumwambia apumzike. Wiki zinapita, cheti hakina maelezo, shahidi amehamia Manyoni, na haki imekufa. Tunaiomba WCF ipokee taarifa ya ajali moja kwa moja kutoka kwa daktari wa zahanati na kutoka kwa mfanyakazi mwenzake, kwa simu ya kawaida, na taarifa hiyo isimame hata mwajiri akinyamaza.

Kwa NSSF tuna hesabu fupi inayotuumiza. Pensheni ya uzeeni inadai michango ya miezi 180. Anayeajiriwa miezi sita kwa mwaka anahitaji miaka 30 kuifikisha, na hapo ni kama kila mwezi umepelekwa. Anayekatwa asilimia 10 na mwajiri asiipeleke, hugundua akiwa ameshazeeka. Mfuko uwatumie wanachama ujumbe wa simu kila mwezi mchango unapoingia na, la muhimu zaidi, kila mwezi usipoingia. Na uwafuate watu wa msimu: anayemaliza alizeti anaweza kuingia kwenye zabibu hapa Dodoma kwa namba ileile ya uanachama, endapo mwenye kiwanda cha pili atabanwa kuiandika.

Tumefika kwenye ukaguzi, ambao bila huo yote tuliyoyasema ni karatasi. Uingereza ilitunga sheria za kulinda watoto viwandani mwaka 1802 na 1819, zikalala, kwa sababu hazikuwa na wakaguzi wanaolipwa na Serikali. Ya 1833 ilikuja na wakaguzi wanne tu kwa nchi nzima, na ndipo mambo yakaanza kusogea. Afisa Kazi wa Tanzania amepewa na sheria mamlaka ya kuingia mahali pa kazi bila kutoa taarifa kabla, na kutoa amri ya utekelezaji. Ayatumie. Ziara inayotanguliwa na barua inakuta wavu umefungwa upya na vibarua wameambiwa wasije siku hiyo.

Njia tunayoipendekeza ni hii. Aje saa nane usiku, katikati ya msimu, Julai au Agosti. Aombe daftari la mahudhurio, daftari la malipo na daftari la ajali. Kisha aombe risiti za LUKU au bili ya umeme, na kumbukumbu za tani zilizokamuliwa. Mashine haidanganyi. Kama umeme na tani vinaonyesha kwamba ekspela ilizunguka saa 24, na mahudhurio yanaonyesha watu wa saa nane, daftari limeandikwa ofisini. Vilevile ahesabu vichwa. Tozo ya kuendeleza ujuzi, iliyoshushwa hadi asilimia 3.5 mwaka 2023, inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 10, na tumeona jinsi mstari huo unavyozaa viwanda vya watu tisa kwenye karatasi na thelathini uwanjani.

Nafuu hizo za tozo, pamoja na ada za OSHA zilizofutwa katika kuboresha mazingira ya biashara, hatuzipingi. Ila mmempunguzia mwajiri bila kumwekea sharti. Sasa mna nafasi nyingine mbili. Ya kwanza ni ushuru wa mafuta ya kula yanayotoka nje. Ushuru huo ukipanda, mlaji wa Dodoma analipa zaidi kwa dumu ili kiwanda cha ndani kiishi. Tunaukubali, kwa sababu unamlinda pia mkulima. Lakini anayelindwa na ushuru mpakani hawezi kudai soko huria mbele ya mfanyakazi wake. Anayeomba ulinzi huo alete uthibitisho wa michango ya NSSF na WCF ya miezi 12. Ya pili ni eneo maalumu la kiuchumi la Nala. Viwanja vinagawiwa, mikataba inaandikwa. Shifti, choo, chumba cha kina mama kunyonyeshea kwa saa mbili wanazopewa na sheria kila siku, na njia ya chama cha wafanyakazi cha TUICO kuingia kuzungumza na wafanyakazi wakati wa mapumziko, viandikwe sasa, kabla ukuta haujajengwa.

Kuhusu migogoro, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inataka shauri la kuachishwa kazi lifunguliwe ndani ya siku 30, na mengine ndani ya siku 60. Mtu wa Itigi au Kibaigwa anayelipwa kwa siku, kila safari ya kwenda mjini ni siku bila mlo. Tume ikae huko walau mara moja kwa mwezi katika msimu, siku ya mnada, watu wanapokuwepo.

Mei Mosi ya 2025 iliadhimishwa kitaifa Singida, na pale ndipo watumishi wa umma walipoambiwa kwamba kima chao kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Tunaomba Mei Mosi ijayo iwakute wafanyakazi wa viwanda na jambo dogo lililokwisha kufanyika: bango kwenye kila geti la kiwanda cha mikoa hii miwili, la mita moja kwa moja na robo, herufi zinazosomeka kutoka barabarani. Liandikwe kima cha mwezi kwa amri inayotumika. Bei ya saa, yaani kima hicho kugawanywa kwa 195. Bei ya saa ya ziada. Malipo ya siku ya mapumziko ya wiki na sikukuu, ambayo ni maradufu. Namba ya usajili ya WCF ya kiwanda. Na namba ya simu ya Afisa Kazi wa mkoa, inayopokelewa usiku. Siku ya kwanza ya msimu msimamizi alisome kwa sauti mbele ya waliosimama getini, kwa kuwa wako wasiojua kusoma, na kila anayeitwa kuingia aandikwe jina na saa aliyoingia.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Wahasibu wa mishahara, mafundi mitambo na washauri wa sheria za kazi viwandani,
Dodoma